Uji Tuliomnywesha Ramazani

Enzi zetu gundi ilikuwa chakula. Watoto wa siku hizi wanaingia dukani hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, wananunua kichupa cha gundi nyeupe, wanabandika karatasi mbili za kazi ya shule, kisha wanakiacha wazi chini ya kitanda mpaka kikauke. Sisi tuliokulia kambini humu mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati nyumba nyingi bado zilikuwa na paa la turubai, tulikwangua gundi yetu kwenye sufuria ya uji wa mahindi, na kabla ya kukwangua tuliomba ruhusa. Mama yangu alisimama na mwiko mkononi kama hakimu.

"Munataka kubandika ao munataka kula? Muchague. Byote bibili, apana."

Tulichagua kubandika, halafu tukazunguka nyuma ya nyumba kulamba vidole.

Wenzangu wa rika langu mnakumbuka mambo yenyewe. Vumbi jekundu lililoingia hata kwenye meno. Kuta za gereza la zamani ambazo tuliziegemea kuota jua asubuhi za Juni, bila kujiuliza nani aliziegemea kabla yetu. Foleni ya mahindi na maharage, na mama zetu wakichambua maharage kwa vidole kutafuta vijiwe. Wasichana wa Kikongo tulicheza nzango, mguu kwa mguu, makofi na nyimbo, mpaka Warundi waliokuwa wakitucheka wakaanza kuomba zamu. Kwenye bomba la maji tulijifunza Chichewa kutoka kwa watoto wa wenyeji, na wao ndio waliotuonjesha panya wa kuchoma waliopangwa kwenye vijiti kama wanavyouzwa barabara ya kwenda Mponela. Mama alisema atakayekula panya asirudi nyumbani. Tulikula na tukarudi.

Lakini ninachotaka kukisimulia ni kitabu, na kwa kitabu namaanisha kile chetu, tulichokitengeneza upya kwa mikono.

Mwaka ule shuleni lilifika sanduku la vitabu vya msaada. Kimoja kilikuwa kinene kama tofali, cha Kiingereza, kimejaa michoro ya injini za meli. Hapa hata mto wa kuogelea hatuna. Mwalimu wetu alikuwa Madamu Spesi, Mrundi mwembamba mwenye sauti ya chini, aliyefundisha darasa la pili kwao kabla ya vita. Alikifungua, akapekua, akakifunga.

"Meli hatuna," akasema. "Karatasi tunazo."

Ndivyo tulivyoanza. Tuligandisha kurasa tatu tatu ili ziwe ngumu kama kadi. Juu ya injini tukabandika kila kilichokuwa na rangi: makaratasi ya sabuni, mifuko ya saruji, vipande vya vitenge kutoka kwa fundi cherehani, maganda ya mahindi yaliyopigwa pasi ya mkaa, majani ya muhogo yaliyochovywa kwenye majivu na kugandamizwa yaache alama yake. Jalada tulilivika makasha ya ile pombe ya mahindi ambayo wenyeji huitikisa kabla ya kuinywa. Kitabu kikawa hakifungiki vizuri, kimevimba kama mtu aliyeshiba sikukuu.

Hakikuwa cha darasa peke yake. Kilikaa nyumba moja siku kadhaa, watu wa nyumba hiyo wakatengeneza ukurasa wao, kisha kikahamia kwa jirani. Sheria ya Madamu ilikuwa moja, na aliirudia kila tulipokikabidhi.

"Humu ndani hakuna kubandua. Ukikuta cha mwenzako hukipendi, weka chako pembeni. Sisi wote tumebanduliwa mahali. Inatosha."

Na kulikuwa na jambo la mwisho, ambalo sisi watoto tulilipenda kuliko yote. Ukurasa ukishakamilika ulinyweshwa. Tulichuja uji mwepesi kwa kitambaa, tukaupaka juu ya kila kitu kwa vidole, tukauacha ukurasa wazi juani. Ulikauka ukang'aa kama kioo, na vidole vichafu havikuacha alama. Tulianza kazi hiyo kiangazi, mwezi ambao hata mate yanakauka kabla ya kufika chini. Hakuna kati yetu, hata Madamu, aliyekuwa amekiona kitabu hicho kwenye masika.

Kilipofika kwa Mama Ramazani kiligoma mlangoni, au tuseme yeye ndiye aliyekigomea. Alikuwa mama wa Kiislamu kutoka Kindu, mashariki mwa Kongo, mfanyabiashara wa mawese na vitenge huko kwao. Hapa alikaanga mandazi na kuyauza kwenye beseni njia panda ya shule. Alinusa jalada.

"Kitabu yenye kuvaa pombe haiingie kwangu."

"Tumeliosha kasha, mama," Madamu akamwambia. "Mimi Mkatoliki nimelishika wiki nzima, sijalewa."

"We ukilewa, nani atajua? Unaongeaka polepole tangu zamani."

Wote wakacheka, na Madamu akacheka zaidi. Suluhu ilikuwa kukishonea kitabu mfuko wa kitambaa cheupe uliofunika jalada. Tukauita kanzu. Kikiingia nyumba ya Waislamu kinavaa kanzu, kikitoka kinavua. Kwa muda huo mfupi nilidhani dunia nzima ingeweza kurekebishwa kwa njia hiyo.

Mama Ramazani alikuwa na picha moja. Ilikuwa ndogo, ile ya kadi ya shule, ya mwanawe Ramazani akiwa na miaka kumi na mitano hivi: kola nyeupe iliyofungwa mpaka juu, masikio makubwa, kovu kwenye nyusi. Walipotezana barabarani walipokuwa wakikimbia vita. Yeye alipanda lori akidhani mtoto amepanda la nyuma. Picha aliihifadhi kwenye nailoni, nailoni kwenye fundo la kitenge, na kila jioni alifungua fundo, akaangalia, akafunga.

Siku kitabu kilipokuwa kwake alimwita mama yangu, jirani yake wa ukuta mmoja, na mimi nikaenda na mama. Picha ilikuwa kwenye mkeka.

"Nataka nimutie humu," akasema.

"Foto moja tu unayo," mama akamjibu. "Usiibandike. Utaitoaka namna gani?"

"Ikiwa kwa kitenge, nani anamuona? Mi peke yangu. Na mi namujua. Kitabu kinatembea, Mama Furaha. Kinafika kwa Barundi, kinafika hata kwa bale banafika leo, kule kwa hangari. Mutu atafungua, aseme: uyu namujua."

Lilikuwa wazo zuri. Bado naliona kuwa zuri.

Tulimtengenezea ukurasa uliozidi kurasa zote. Mto wa Kindu tuliukata kutoka karatasi ya bluu ya pakiti ya sukari. Michikichi ya mawese tuliikata kutoka maganda ya mahindi. Jua lilikuwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na Ramazani akakaa katikati, juu ya mto, kama mtu aliyeketi mbele ya nyumba yake. Gundi ya nyuma ya picha tuliipaka nene ili isitoke kamwe. Ulipofika wakati wa kunywesha ukurasa, nilishika bakuli la uji. Mama Ramazani akalichukua mikononi mwangu.

"Acha mi mwenyewe nimunyweshe mutoto yangu."

Alipaka kwa kidole kimoja, polepole, kuanzia kola kwenda juu. Kwenye midomo ya picha alirudia. Mama yangu alitazama pembeni. Nilimsikia Mama Ramazani akisema kwa sauti ya kumbembeleza mtoto mdogo, "Kunywa, baba. Kunywa." Ukurasa ukawekwa juani, ukang'aa.

Kitabu kikaendelea na safari. Nilikiona nyumba kwa nyumba kwa sababu nilipenda kukifuata, na kila nyumba watu walisimama kwenye ukurasa ule. Wengine walitingisha kichwa. Nilizoea uso ule kuliko nyuso za binamu zangu.

Mvua za kwanza zilipokaribia, kitabu kilikuwa kwenye hangari la wageni, banda kubwa walikolala waliofika karibuni. Kijana mmoja wa Maniema, mkoa ule ule wa Kindu, mchafu wa safari, alikuwa anakifungua ili kupitisha muda. Alisimama kwenye mto wa bluu.

"Uyu? Uyu tulikuwaka naye Kigoma. Iko anauzisha maji kwa kambi. Banamuita Rama."

Mtu alikimbia kumwita Mama Ramazani. Alikuja na unga wa mandazi mikononi. Hakupiga kelele kama tulivyotarajia. Aliuliza swali moja tu.

"Iko na kovu?"

Kijana akagusa nyusi yake. Mama Ramazani akakaa chini pale pale kwenye vumbi, akafunika mdomo kwa mkono wenye unga.

Lilongwe kulikuwa na ofisi iliyotafuta watu waliopotezana na ndugu zao. Ilipeleka majina na picha kwenye kambi za nchi nyingine, na ilikuwa na wenzake Kigoma. Jina peke yake halikutosha. Watu wa kambini walishamwambia Mama Ramazani kwamba Kigoma kina Ramazani ni wengi kama mahindi kwenye gunia. Ofisi ilitaka uso. Uso ulikuwa ndani ya kitabu.

Madamu alipendekeza picha ibanduliwe. Yeye mwenyewe, mwenye sheria. Alisema sheria ilikuwa ya mchezo na huyu ni mtoto wa mtu. Mama Ramazani aliitazama picha, akaweka ukucha pembeni, akaisikia ilivyoshika, akaondoa mkono.

"Itapasuka. Na ashabanduliwa mara moja. Ataenda na nyumba yake yote."

Nilichukuliwa kwa sababu ya Chichewa changu cha bombani. Ruhusa ya kutoka kambini ilipatikana, na tukapanda matola, gari dogo la wazi la mizigo, mama yangu, Mama Ramazani na mimi, juu ya magunia ya tumbaku. Kitabu kilikuwa kimevaa kanzu yake na juu ya kanzu nailoni. Tulipofika barabara kuu, mvua ilitukuta. Si mvua ya kuogofya, ni ile mvua ya kwanza ya Malawi inayonukia udongo na kumfanya dereva aimbe. Wenyeji kwenye gari walifurahi, walikuwa wameisubiri kwa ajili ya mashamba. Mama Ramazani alikiingiza kitabu chini ya blauzi, kwenye ngozi ya tumbo, akakiinamia na kukikumbatia kwa mikono miwili. Safari nzima hakulegeza. Mama alimwambia apumzishe mikono, akakataa.

"Naye alilowana sana njiani," akasema. "Leo asilowane."

Ofisi ilikuwa kwenye nyumba ya kawaida ya mtaa wa Area 47, yenye geti na maua. Kwa mtoto wa turubai ilikuwa kama picha ya kalenda. Tulikaa barazani mpaka tukaitwa. Ndani kulikuwa na Mmalawi wa makamo mwenye miwani, mpole, aliyetusalimia kwa mikono miwili. Nilimweleza tulichokuja nacho. Akatabasamu kuona kitabu chenye kanzu.

Alijaribu kufungua ukurasa, ukakataa. Kurasa mbili zilikuwa zimeshikana. Akajaribu kwa kidole pembeni, akaacha, akamsukumia mwenyewe kitabu juu ya meza.

"Mwambie afungue yeye. Mkono wake unajua."

Mama Ramazani alifungua. Ilitoka sauti ndogo, kama unapomenya ndizi mbivu.

Upande wa kushoto mto wa bluu ulikuwepo, michikichi ilikuwepo, jua la fedha lilikuwepo. Kola nyeupe ilikuwepo, imefungwa mpaka juu. Sikio moja lilikuwepo. Katikati palikuwa peupe. Upande wa kulia, juu ya nyumba ya karatasi ya familia moja ya Warundi, kulikuwa na madoadoa ya kahawia na meusi yaliyoshikilia uji, na kama hukujua yametoka wapi, ungesema ni uchafu. Joto la tumbo lake na unyevu wa mvua viliufanya uji urudi kuwa uji. Na mikono yake, kwa kubana, ilifanya kazi ya gundi.

Yule baba akavua miwani.

"Pepani, amayi," akasema. "Pepani kwambiri."

"Anasema pole, Mama Ramazani. Pole sana."

"Nimesikia."

Mama yangu alijaribu kukusanya madoa kwa ncha ya ukucha, kana kwamba yangeweza kurudishwa upande wa kushoto. Yakawa unga. Mama Ramazani akamshika mkono.

"Acha, Mama Furaha. Unamuumiza."

Yule baba alikuwa mwema, na wema wake ndio unaoniuma nikikumbuka. Alivaa miwani tena, akachukua karatasi, akaniomba nimuulize sura ya mtoto ilivyo. Atapeleka maelezo badala ya picha.

"Iko muzuri," Mama Ramazani akasema.

Nikatafsiri. Akaandika kitu. Akauliza zaidi: uso mrefu, wa mviringo, rangi gani?

"Iko sawa na baba yake. Macho njo ya baba yake kabisa."

Nikatafsiri hilo pia, kwa mtu ambaye hakumwona baba, na baba mwenyewe alikuwa amezikwa kando ya barabara ambayo hakuna kati yetu angeweza kuirudia. Yule mwenye miwani akasubiri, kalamu hewani. Nilitaja kovu. Akauliza nyusi ipi. Mama Ramazani akanyanyua mkono wa kulia, akaushusha, akanyanyua wa kushoto. Akanitazama mimi, kisha mama, kisha ukurasa mweupe.

Nasi hatukujua. Tulikuwa tumemwona kila siku, na hatukujua.

Tuliporudi, yule kijana wa Maniema alikuwa ameshaondoka na wenzake kuelekea kusini, Msumbiji na mbele zaidi, bila kumwachia mtu anwani. Nani angemlaumu? Madamu Spesi alisikia habari yote akiwa amesimama, na akafanya alichojua kufanya: akatugawia karatasi watoto wote tuliowahi kuuona ukurasa ule, akatuambia tumchore Ramazani kwa kumbukumbu. Tulichora kwa bidii ambayo sijawahi kuitumia tena maishani. Tukampelekea Mama Ramazani michoro njia panda, kwenye beseni lake la mandazi. Aliifungua mmoja mmoja. Mmoja alikuwa na uso mnene, mwingine mwembamba, na mtoto mmoja alikuwa amemchora ndugu yake mwenyewe aliyebaki Uvira.

"Si yeye," akasema kwa upole. "Apana, mutoto yangu, si yeye. Na uyu si yeye."

Alipofika mchoro wangu alikaa nao muda. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kweli, "Alikuwaka hivi?"

Jibu kutoka Kigoma lilichukua muda mrefu. Lilisema kina Ramazani ni wengi, na waliopatikana hawakulingana na maelezo.

Kitabu hakikutembea tena. Mama Ramazani alikiweka kwake, ndani ya kanzu, na hakuna aliyethubutu kukiomba. Madamu alirudi Burundi miaka ya baadaye, na sijapata habari zake. Mama Ramazani alizikwa hapa, makaburini ng'ambo ya shule. Tulipohamisha vitu vyake tulikikuta kitabu chini ya magunia, kanzu imetulia vizuri na ndani yake vumbi na vipande vya injini za meli. Panya walikuwa wameshakila. Kilikuwa chakula tangu mwanzo.

Mimi niko Dzaleka bado. Nyumba sasa ni za matofali, kuna maduka ya simu, kuna vijana wanaoimba na kujirekodi, na watoto wangu wanazungumza Chichewa bora kuliko Kiswahili. Wananicheka nikikunja karatasi ya sabuni na kuiweka. Nao nawacheka, wanaopiga picha sahani ya nsima, ugali wa huku, kabla ya kunawa mikono, wanaopiga uso mmoja mara nyingi mpaka uchoke. Sisi tulikuwa na uso mmoja wa kutunza, mtaa mzima, na tuliutunza kwa kila tulichokuwa nacho. Nikifumba macho leo naona mto wa bluu, kola na sikio. Nimewauliza wenzangu wa wakati ule ninaokutana nao. Wote wanaona kola.

Juzi binti yangu alinipiga picha mlangoni kwa simu yake, nimekaa na ungo wa maharage. Aliitazama, akakunja uso.

"Mama, ulifumba macho."

Nikamwambia asiifute. Alikuwa ameshafuta.